Kishikwambi na Kamba

Tulipokuwa chuoni tukijifunza ualimu, tulipelekwa shule moja ya Ujiji kujizoeza kufundisha. Tukaazimwa kishikwambi, kimojawapo cha vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, kisha vikagawiwa kwa walimu. Tulinuia kuwaonyesha watoto kina cha Ziwa Tanganyika, mita 1,470. Kumbe hatukukichaji! Kikazimika, nasi tukasimama kimya, tukiona haya. Mwana wa mvuvi akasema, "Mwalimu, baba hupima kwa kamba." Tukaleta kamba, tukapiga mafundo, kila fundo mita 100, watoto wakahesabu mafundo 14 na kipande. Usiku ule tulikichaji, tukakaa nacho mpaka tukakizoea. Mwalimu aliye tayari hukijua chombo chake, na somo hulijua zaidi.