Meza Moja, Kompyuta Mbili

Jina la Zhongda lina wenyewe wawili. Kwa wasomi ni kifupi cha Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, kilichoasisiwa mwaka 1924. Wafanyabiashara wa nguo hawakifikirii chuo hata kidogo. Kwao Zhongda ni soko la vitambaa lililo karibu na lango lake la kusini, katika wilaya ya Haizhu, Guangzhou, ambako majora hupita mchana kutwa juu ya pikipiki za umeme.

Jirani na soko hilo anafanya kazi wakala mmoja, mwenyeji wa Tanga, anayewaagizia khanga wateja wa Kariakoo. Sampuli zimekula meza. Nafasi iliyosalia yatosha skrini moja, kicharazio kimoja na kipanya kimoja, ilhali kompyuta ni mbili. Ya Windows imeielekea China: humo mna WeChat ya kiwandani na programu ya benki inayodai kijiti chake cha usalama. Ya Mac imeelekea nyumbani: humo mna daftari la oda na WhatsApp, ambayo China iliifungia mwaka 2017 na sasa hufikiwa kwa njia ya kuzunguka. Njia hiyo ikifunguliwa, kurasa za Kichina hukokota miguu. Ndiyo maana mashine mbili si anasa.

Katikati yao pana kisanduku cha kubadilishia. Kitufe chake kikibonyezwa, skrini, kicharazio na kipanya huhamia kwa bwana mwingine. Vidole havihami kwa wepesi huo. Kunakili kwenye Windows ni Ctrl na C, kwenye Mac ni Command na C, na kicharazio cha Windows kikiunganishwa na Mac, kitufe chenye nembo ya Windows ndicho kinachogeuka Command. Zipo programu za kuunganisha mashine bila kisanduku. Synergy huvusha kipanya na maandishi kati ya Windows na Mac, lakini huchukulia kwamba kila kompyuta ina skrini yake. Mouse Without Borders, ya Microsoft, pamoja na jina lake la kujigamba kuwa haina mipaka, haitoki nje ya Windows.

Kisanduku, basi, huhamisha mikono na macho tu. Kilichonakiliwa huku hakifiki kule, na hapo ndipo jina la khanga linapoingia hatarini. Mteja hulituma kwa WhatsApp, kiwanda hulipokea kwa WeChat, na katikati wakala hulichapa upya. Flashi ingelibeba salama, ila herufi ishirini huonekana hazistahili safari ya flashi. Tena Windows ile ina mtego wa pinyin: uandishi wa Kichina ukiwa haujazimwa, neno la Kiswahili huvunjwavunjwa na kugeuzwa herufi za Kichina. Kwa bahati ya kupendeza, “mama” na “baba” hugeuka herufi zenye maana ileile.

Mchoraji wa kiwandani hajui Kiswahili. Huchora alicholetewa, kwa uaminifu mtupu. “Wema” ukifika “wima”, utatoka “wima” kwenye kila doti. Hatari hiyo ni kongwe, kwani khanga za mwambao zilishachapwa Uholanzi, India na Japani, mbali na masikio ya wenye lugha. Pindo na mji vipendeze vipendezavyo, jina likikosewa khanga hudoda. Mnunuzi hafuati rangi peke yake. Hufuata neno la kumfikishia mtu bila kufungua kinywa.

Wakala amegundua kwamba yeye ndiye msahihishaji mbaya kuliko wote. Anakijua Kiswahili mno: jicho lake husoma neno linalopaswa kuwapo na kuliruka lililopo. Kwa hiyo kazi hiyo amempa kijana wa Kichina, mwanafunzi wa chuo kile cha jirani, anayemsaidia siku za Jumamosi. Kijana hushika simu yenye ujumbe wa mteja, huitazama skrini yenye ujumbe wa kiwandani, na kutaja herufi mojamoja, bila kuelewa hata neno. Jumamosi moja alisimama kwenye herufi ya pili ya neno la tatu. “Dada,” akauliza kwa Kichina, “hii ni e au i?” Wakala akabonyeza kitufe, akarudi kwenye daftari la oda kutazama.