Kazi ya Kuhesabu Magamba

Kibarua changu cha kwanza Laikipia kilikuwa kubeba ngazi. Nilitoka Nyeri, kwenye kahawa ya baba, na ujuzi pekee niliokuja nao ni ule wa mtoto wa shamba: kuwajua wadudu magamba na vidung'ata. Kwetu, ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shina la mkahawa, huna haja ya kuuliza. Juu kuna kitu kinanyonya utomvu na kutoa maji matamu, nao wamekuja kunywa na kukilinda.

Kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, nilikofanya kazi, hakuna kahawa. Kuna udongo mweusi, ambao mvua ikinyesha hunasa gari mpaka kesho yake, na juu ya udongo huo karibu kila mti ni wa aina moja: mgunga wa Vachellia drepanolobium. Baadhi ya miiba yake huvimba chini ikawa vyumba. Sisimizi huvitoboa na kuhamia ndani, na upepo ukipita kwenye vitundu hivyo mti hupiga mluzi. Aina nne za sisimizi huigombea miti hiyo, na kwa kawaida mti mmoja hukaliwa na aina moja tu. Crematogaster mimosae, mwekundu mwenye tumbo jeusi, ndiye mwenye miti mingi, karibu nusu yote. Ukigusa tawi lake anakuja kwa jeshi, anaingia mikononi na ndani ya kola. Crematogaster sjostedti, mweusi, huwashinda wenzake wakipigania mti, lakini twiga akija kula majani hajisumbui sana kumfukuza. Huyu hata miiba hana haja nayo; hukaa kwenye mashimo ambayo viluwiluwi wa mbawakawa wametoboa ndani ya shina na matawi.

Siku moja mtafiti aliniona nikikwangua tawi kwa ukucha, akauliza natafuta nini. Nikamwonyesha. Jike la mdudu gamba halina mabawa na halitembei. Limechomeka mdomo kwenye gome likatulia kama kipele. Tangu hapo sikubeba ngazi tena. Nilipewa lenzi, penseli na vichupa vya spiriti.

Tulianza alfajiri, sisimizi wakiwa bado wamezubaa kwa baridi, askari mwenye bunduki akiangalia nyati na ndovu. Magamba mengine niliyahesabu palepale, mengine nikayatia kwenye spiriti, kwa kuwa spishi haijulikani kwa kutazama kipele. Lazima jike mzima alowekwe kwenye potasi mpaka abaki ngozi, atiwe rangi, alazwe kwenye kioo cha darubini. Ni kazi ya subira, na wageni wengi wa kituo walipita meza ile bila kusimama. Siwalaumu, hawakuja Afrika kutazama vipele.

Lakini magamba ndiyo yaliyonifundisha kuusoma mti. Tangu 1995 kulikuwa na viwanja 18 vya majaribio, kila kimoja hekta nne, na vingine vilizungushiwa nyaya za umeme ili ndovu na twiga wasiingie. Mtu angetegemea mti usioliwa unenepe. Mgunga, hata hivyo, huwalipa walinzi wake kwa nyumba na nekta, na adui asipoonekana kwa miaka, hupunguza malipo: miiba iliyovimba inakuwa michache, nekta inapungua. Mimosae hakubali kulala njaa. Ndani ya ua aliongeza kufuga magamba, yaani chakula alichonyimwa na mti akakitafuta kwenye mishipa ya mti uleule. Polepole akapoteza miti kwa sjostedti, na sjostedti hunufaika na mbawakawa wanaotoboa. Miti aliyoishika ilikua kidogo na kufa mara mbili zaidi. Todd Palmer na wenzake walichapisha hayo mwaka 2008, na watu wakashangaa kwamba kumfukuza ndovu kunaweza kuua mti. Sisi tuliokuwa tukihesabu hatukushangaa sana.

Baadaye wakaja sisimizi wa kigeni wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala. Hao hawajadiliani na mtu. Huwaua sisimizi wa miiba, mti unabaki bila mlinzi, na ndovu huivunja miti hiyo mara tano hadi saba zaidi. Mwaka 2024 Douglas Kamaru na wenzake walionyesha mwisho wa mnyororo huo: simba, waliozoea kumvizia pundamilia nyuma ya miti, sasa wanaua pundamilia wachache na kugeukia nyati.

Habari ya simba ilisambaa dunia nzima, na ilistahili. Vijana wanaokuja kazini siku hizi wananiuliza kuhusu simba kabla hawajauliza mshahara. Nawapa lenzi, nawaambia waanze na tawi la chini, upande wa kivuli, na wakunjue mikono ya shati mpaka kwenye vifundo.