Mzigo wa Ekseli

Mjini Maralal, katika Kaunti ya Samburu, Land Rover haizeeki, hurithiwa. Barobaro mmoja wa huko aliirithi ya marehemu babake, ile ndefu ya inchi 109 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ya toleo lililoundwa Uingereza kati ya mwaka wa 1961 na 1971. Pamoja na gari hilo alirithi abiria wa siku za soko wa kutoka Maralal hadi Baragoi, karo ya dada zake wawili, na ugonjwa mmoja sugu: shafti za nyuma zilikuwa zikikatika.

Ugonjwa huo una sababu zake. Ndani ya ekseli ya nyuma mna difu, yaani mkusanyiko wa magurudumu ya meno unaopokea mzunguko wa propela na kuugawa kwa magurudumu mawili ya gari. Mgao huo hupitia shafti mbili, moja kushoto na nyingine kulia. Dereva akitia gia ya kwanza ya uzito, nguvu ya injini huzidishwa takriban mara 40 kabla ya kuyafikia magurudumu. Katika mchanga nguvu hiyo hupotea kwa kuteleza. Lakini gurudumu linalozunguka ovyo likidaka mwamba ghafla, nguvu yote hukosa pa kwenda, na chuma chembamba ndicho kinachosalimu amri.

Marehemu alikuwa amejifunza kuishi na hali hiyo. Chini ya kiti alihifadhi shafti mbili za akiba, kwa kuwa gari hilo liliundwa kwa namna ambayo shafti haibebi uzito wowote. Hulegezwa bolti chache kwenye kitovu cha gurudumu, ikachomolewa bila hata kutia jeki. Mwanawe hakutaka kuishi na ugonjwa. Alitaka kuuponya.

Azma hiyo ilimjia siku ambayo shafti ilikatika katikati ya laga, gari likiwa limesheheni watu na mbuzi, ilhali mawingu yametanda juu ya milima. Magurudumu ya mbele peke yake yalichimba mchanga yakazama. Abiria waliteremka, wakafukua kwa mikono, wakalisukuma gari hadi ng'ambo. Haikutimia saa moja kabla ya maji kushuka na kulijaza laga ukingo kwa ukingo. Hakuna aliyelia, wala hakuna aliyemkaripia. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa mteja wa babake kwa miaka mingi, alimwambia kwa upole tu, "Mwanangu, soko lijalo nitatafuta gari lingine." Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi.

Akakusanya akiba yake yote na kwenda gereji, akiwa na mipango miwili. Wa kwanza ulikuwa ekseli nene ya nyuma, ile iitwayo Salisbury, aliyoiona kwa bei nafuu penye vyuma vikuukuu. Ilikuwa imetolewa kwenye Land Rover 110. Wa pili ulikuwa matairi mapana ya inchi 35 badala ya yale ya takriban inchi 32 aliyoyazoea, ili gari liinuke na kupendeza.

Fundi, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, aliilaza ekseli ile sakafuni. Alishikilia kitovu cha upande mmoja kisitikisike, akauzungusha upande wa pili mizunguko miwili kamili, huku akihesabu mizunguko ya mahali panapofungwa propela. Ilikuwa mitatu na nusu na kidogo. Akafanya vivyo hivyo kwa ekseli ya mbele ya gari. Ikawa minne na takriban robo tatu.

"Hii yako ni 3.54," alisema. "Ya mbele ni 4.7. Hizi haziwezi kulala nyumba moja."

"Lakini ni nene, fundi. Haitakatika."

"Haitakatika yenyewe. Itakata wenzake."

Maelezo yake yalikuwa mepesi kueleweka. Gari hilo likitiwa gia ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, propela ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja zizunguke kwa kasi moja. Iwapo difu zina hesabu tofauti, magurudumu ya nyuma yatataka kwenda mbio kuliko ya mbele. Mchangani yatasameheana kwa kuteleza. Penye mwamba hayatasameheana, na kitu kitavunjika. Kubadilisha difu ya mbele nayo iwe 3.54 kungeondoa ugomvi huo na kuliongezea gari kasi ya takriban theluthi moja kwa mzunguko ule ule wa injini. Hata hivyo, nguvu ya kuvuta ingepungua kwa robo, na matairi ya inchi 35 yangemega karibu sehemu moja ya kumi ya ile iliyobaki. Gari lingekimbia penye barabara njema, kisha lishindwe mahali hasa ambapo abiria wanalihitaji.

Ilikuwapo njia nyingine: Salisbury yenye hesabu ya 4.7, iliyotoka kwenye gari la inchi 109 la toleo lililofuata. Hiyo ingekaa juu ya springi zile zile bila kukatwa wala kuchomelewa. Bei yake, hata hivyo, ingemeza akiba pamoja na fedha za matairi. Barobaro alizunguka uani kwa muda, akayatazama matairi mapana ya gari la jirani, kisha akalipa.

Kazi ilipokwisha, fundi alimkabidhi ufunguo pamoja na onyo. "Nyuma sasa ni imara, lakini udhaifu haufi, mzee; huhama. Sasa umehamia kwenye viungo vya propela na giaboksi. Hivyo utavilinda kwa mguu wako."

Tangu hapo kijana huyo husimama kabla ya kila laga. Hushuka, akaupima mchanga kwa kisigino, akatia gia ya uzito mapema, na kuvuka kwa mwendo wa kinyonga bila kukanyaga mafuta kwa pupa. Vijana wenzake wenye matairi mapana humpita wakipiga honi, naye hufika Baragoi akiwa wa mwisho.

Soko la tatu baada ya matengenezo hayo, yule mama alirudi. Hakuuliza ni chuma gani kilichobadilishwa. Alimtazama kijana akipima mchanga, akasubiri arejee kwenye usukani, kisha akamwambia mjukuu wake alaze kichwa, safari bado ndefu.