Pumzi ya Nzumari na Hesabu ya Nane

Katika madarasa yetu ya fasihi simulizi tumezoea kuiweka ngoma ya jadi upande mmoja na sanaa ya kigeni upande mwingine, kana kwamba baina yao pana ukuta. Nilipokwenda Kwale kukusanya data ya tasnifu yangu kuhusu nyimbo za sengenya, ukuta huo haukunifaa hata kwa wiki moja.

Sengenya ni ngoma ya Wadigo na majirani zao Waduruma. Ala inayoiongoza ni nzumari, ambayo jina lake linatokana na Kiarabu na ambayo ina ndugu zake kuanzia Misri hadi Uturuki. Mdigo anayeipuliza haazimi cha mtu. Ni yake tangu kwa mababu. (Msomaji Mswahili atakumbuka kitenzi kusengenya. Siidai kuwa ndiyo etimolojia, ingawa nyimbo nilizorekodi zilijaa mafumbo ya kuwasema watu.)

Ukunda nilikuta kikundi cha vijana kinachotumbuiza katika hoteli za Diani. Mtunzi wa miondoko yao ni mwenyeji wa Msambweni aliyejifunza densi ya kisasa Nairobi. Alirudi na mbinu za shule hiyo: kutumia kila pembe ya jukwaa, kubadilisha kimo cha mwili, na juu ya yote, kuhesabu moja hadi nane. Ngoma zikamtii. Nzumari ikakataa. Mpulizaji, mzee wa makamo ya babu yangu, hutunza hewa mashavuni huku akivuta pumzi puani, hivyo sauti yake haikatiki. Hubadilisha wimbo anapoona wachezaji wameuiva.

“Babu, tukifika nane tunageuka,” mtunzi alimwambia kwa adabu.

“Nane ya nani, mwanangu?”

Walishinda siku tatu katika swali hilo. Hatimaye mtunzi aliamua hesabu ifuate ngoma peke yake, wachezaji wazunguke bila kuhesabu wakati nzumari inalia, na mgeuko usubiri mzee abadilishe wimbo. Hakuna aliyejua mgeuko huo ungekuja lini. Nyuso za wachezaji zikaanza kusikiliza, na kwa maoni yangu hapo ndipo kazi ile ilipopata uhai.

Wapo watakaosema huo ni uharibifu wa utamaduni. Ningewakumbusha beni. Katika miaka ya 1890 watu wa pwani ya Kenya walichukua gwaride na bendi za Wazungu wakazigeuza ngoma ya mashindano. Mombasa ilikuwa na makundi ya Kingi na Skochi, na baadaye Marini na Arinoti wakaienea Tanganyika. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Leo beni huhesabiwa miongoni mwa ngoma za Waswahili, na sijamsikia mtu akiidai irudishwe Ulaya.

Hata hivyo, kuna jambo moja nisilokubaliana na mtunzi huyu. Hoteli humpa dakika 20, naye ili zimtoshe hupunguza nyimbo hadi kiitikio na mstari mmoja au miwili. Miondoko inabaki, mafumbo yanakwenda. Wimbo mmoja wa kumcheka mume mvivu, niliourekodi kijijini kwa robo saa nzima, ulipofika hotelini ulikuwa umebaki jina la mume tu, na watalii walilipigia makofi. Nilimweleza. Alinijibu kwamba mafumbo hayo mtalii hayaelewi. Ni kweli, lakini wapo wahudumu, wapishi na walinzi waliokuwa wamesimama nyuma ya meza, na wote walikuwa Wadigo.

Swali gumu zaidi ni la mzee mwenyewe. Hoteli moja ilikwisha kuuliza kama kinanda cha umeme hakiwezi kushika nafasi yake, maana ni rahisi kukiwasha na kukizima. Mtunzi alikataa, kisha akamwondoa kijana mmoja hodari katika safu ya wachezaji ili ajifunze nzumari, jambo lililowaudhi wenzake wote. Pumzi ya kijana bado inakatika. Nilipoondoka nilimwacha chini ya mwembe na bilauri ya maji na mrija wa soda, akipuliza mapovu na kuvuta hewa puani, mzee akimtazama bila kuhesabu.