Mashine Itakula Nini?

Nataka kuwasimulia jinsi mke wangu alivyoniokoa na hasara.

Sisi tu wakulima wa mpunga, upande wa Kabambare. Baada ya mavuno tuliweka akiba ya dola 150, ili tumnunulie binti yetu kompyuta ya mkononi, apate kuandika kazi zake za shule, nasi tutunze humo hesabu za nyumba. Basi tukashika njia ya Kasongo, sote watatu.

Mfanyabiashara alituwekea mezani mashine mbili za bei moja. Ya kwanza ilikwisha kutumika ofisini huko Ulaya: kioo kikubwa, kumbukumbu ya gigabaiti 8, jina lenye sifa. Ya pili ilikuwa mpya lakini ndogo: kumbukumbu ya gigabaiti 4, na nafasi ya kuhifadhi gigabaiti 64 tu. Moyo wangu uliiendea ya kwanza, nikaanza kutoa fedha. Kusema kweli, niliwaza macho ya majirani kuliko kazi za mtoto.

Ndipo mke wangu akauliza kwa upole, "Baba watoto, mashine hii itakula nini?"

Nikanyamaza. Kwetu hakuna waya wa umeme. Tuna paneli ya jua ya wati 50, nayo ndiyo ituwashiayo taa na kujaza simu. Binti yetu akageuza chaja, akasoma: volti 20, ampea 3.25. Akazizidisha, maana ndivyo wati zinavyopatikana, akapata 65. Paneli yetu haifiki hapo hata jua la saa sita! Chaja ya ile ndogo ilikuwa ya volti 12 na ampea 2, yaani wati 24.

Kisha tukaomba zote mbili zifanye kazi bila chaja kwa muda wa saa moja. Ile kubwa ilizimika kabla ya dakika 20, kwa kuwa betri yake imechakaa, wala nyingine ya namna ile hatukuipata mjini. Ile ndogo iliendelea mpaka mwisho. Tukainunua.

Siidharau mashine iliyokwisha kutumika. Betri yake ikiwa nzima, mara nyingi huishinda mpya ya bei ile ile. Lakini ulizeni pia umri wake: Microsoft ilikomesha utunzaji wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliki kwa Windows 11.

Mashine yetu ni nzito kuamka, na binti yetu hujifunza subira. Lakini usiku, taa zikiisha kuzimwa, yeye bado anaandika. Basi, atakaye kununua na apime kwanza chakula kilichomo nyumbani, ndipo amkaribishe mgeni.