Majani Mekundu ya Kasulu na Kibondo

Tuliondoka Ujiji mwishoni mwa Septemba, jua kali na vumbi limetanda. Ziwa Tanganyika liko yapata mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo gari hupanda milima mpaka Kasulu, ambako usiku mtu hutafuta blanketi. Njiani nyasi zilikuwa zimekwisha kuungua kwa moto wa kiangazi, na ardhi ilikuwa nyeusi. Hata tulipoifikia misitu ya miyombo, nikadhani kwamba moto ungali unawaka juu ya miti. Kumbe ni majani.

Nimepata kusoma habari za Ulaya na Marekani, kwamba majani ya huko huwa mekundu na ya manjano kabla ya majira ya baridi, kisha hupukutika. Na mafundi wa sufu na nyuzi huziiga rangi hizo katika kazi zao. Huku kwetu mambo ni kinyume. Myombo hutoa majani mapya kabla mvua haijanyesha, nayo hutoka mekundu, mengine kama shaba, mengine kama waridi, na baada ya siku kadhaa huwa kijani. Wekundu wa kule ni wa kuaga, na wa huku ni wa kuwasili. Sura ya Fatir hutuelekeza kutazama rangi mbalimbali za matunda, milima, watu na wanyama. Nimeisoma mara nyingi, wala sikupata kuinua macho mtini.

Nami nilikuwa na haja yangu. Binti yangu ameposwa, na katika nyumba yetu mama humsukia bintiye mswala wa ukindu. Wangu mama alinisukia wenye mistari myeusi ya mdaa, nami ningali nasalia juu yake. Wa binti yangu niliutaka uwe na wekundu ule wa miyombo. Rangi ya dukani nilikwisha kuijaribu: ni kali mno, na mwenye paji la jasho akisujudu juu yake huinuka na alama isiyokuwa ya ucha Mungu.

Kibondo nilipelekwa kwa bibi mmoja msusi wa vikapu. Nikamwonyesha jani. Akacheka, akasema, "Mwanangu, jani halitakupa kitu. Rangi imo katika gome."

Tukaenda naye porini. Alikata ukanda mwembamba wa gome, upande mmoja tu wa mti. Nilipotaka kuongeza, akanishika mkono. "Ukiuzungusha kisu, umeuua." Neno hilo lina uzito huko. Misitu imekatwa kwa mashamba na kwa mkaa. Tena wilaya hizo zimepokea wageni wengi waliokimbia vita, Warundi mwaka 1993, Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, na Warundi tena mwaka 2015, na kila jiko lilihitaji kuni. Bibi hakuwalaumu. Wanawake wao, alisema, ni wasusi hodari, na mshono mmoja alifundishwa na mmoja wao.

Gome lilitwangwa, likalowekwa usiku kucha, likachemshwa, kisha ukindu ukatiwa humo na kuanikwa kivulini. Mara ya kwanza ulitoka kama udongo mkavu, nami nikavunjika moyo. Bibi akaurudisha chunguni. Mara ya tatu ikaja shaba, si ile ya jani hasa, lakini ni ndugu yake. Ukindu uliobaki aliufukia katika tope jeusi la bondeni, ukatoka mweusi kabisa, maana chuma kilichomo topeni hukutana na maji ya gome. Nikamkumbuka mama, nikauchukua nao.

Jani nililolitia ndani ya daftari lilikuwa limekauka na kupoteza rangi nilipofika Ujiji. Mswala una mistari miwili ya shaba na mmoja mweusi kati yake, na mahali pa kusujudia nimepaacha peupe. Umebaki upindo.