Kuongoza Watu Waliojitolea

Katika wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, baiskeli si mchezo. Hubeba magunia ya mihogo, hubeba mkaa, hubeba samaki wakavu, na usiku wa manane hubeba mtoto mwenye homa ya malaria kwenda kutibiwa. Nasema hivi mapema kwa sababu vilabu vya baiskeli za milimani nilivyosoma habari zake ni vya watu wanaoendesha kwa starehe. Klabu yetu haina hata baiskeli moja ya aina hiyo. Hata hivyo kazi ni ile ile: njia nyembamba ya udongo, maji yanayoiharibu, watu wasiolipwa wanaoitengeneza, na mmoja wao aliyekabidhiwa daftari na kuambiwa kwamba yeye ndiye kiongozi. Kwa likizo tatu mfululizo, mtu huyo nilikuwa mimi.

Ziwa Mweru liko mpakani mwa Zambia na Kongo. Mto Luapula huingia upande wa kusini, na maji hutoka kaskazini kwa Mto Luvua, karibu na mji wa Pweto. Kwetu ni Kashikishi, penye soko la samaki. Mama yangu huuza chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani juu ya mchanga. Hawauzi sokoni tu. Huwapeleka bara kwa baiskeli, kwenye vijiji vya wakulima, na kurudi na mihogo mikavu. Ada zangu za shule zilitoka katika safari hizo.

Kiswahili nilikisikia kwanza kwa wafanyabiashara kutoka ng'ambo, kisha kwa majirani wapya. Mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa katika wilaya yetu kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Wengi wao walikuja na Kiswahili chao cha Katanga. Baiskeli wao huiita kinga. Mwalimu wangu wa chuo aliponifundisha kwamba kinga ni kitu cha kuzuia madhara, nilicheka peke yangu darasani, kwa maana niliwafikiria akina mama wanaosukuma kinga zao kwenye mvua.

Njia yetu inaanzia kwenye mashamba yaliyo upande wa Mantapala na kuteremka hadi barabara ya lami inayopita kando ya ziwa. Gari haliwezi kuipita. Wakati wa kiangazi ni ngumu kama sakafu, isipokuwa karibu na ziwa ambako mchanga humeza magurudumu. Mvua zikianza, maji huifanya kuwa mfereji. Katika chaka moja la majani marefu, palipo na kijito, maji hufika magotini na watu hubeba baiskeli begani.

Aliyeanzisha kikundi ni mjomba wangu, ambaye sisi Wabemba tunamwita bayama. Alikuwa amechoka kuona keria zikivunjika mahali pale pale kila mwaka. Alikusanya watu wapatao ishirini: wavuvi, wakulima, fundi baiskeli mmoja, na mhudumu wa afya wa kujitolea mwenye baiskeli aina ya Buffalo. Baiskeli hizo nzito za chuma hutolewa na World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, na keria yake imeundwa kubeba kilo 100. Mjomba alisema kwamba baiskeli ngumu kwenye njia mbovu ni sawa na mtu mzima anayelala katika kitanda cha mtoto. Mimi niliombwa kuandika majina kwa sababu nilikuwa nimesoma. Mjomba alipoanza kuumwa mgongo, daftari la majina likawa daftari la uongozi.

Jambo la kwanza lilikuwa maarifa. Tulikuwa na desturi ya kujaza matope kwa udongo, na mvua inayofuata huuchukua. Chuoni nilisoma miongozo ya IMBA, chama cha waendesha baiskeli za milimani kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988. Miongozo hiyo inafundisha kwamba adui wa njia ni maji yanayokaa juu yake au kukimbia kuifuata. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima inapopita, na kwa wastani usizidi asilimia 10. Ukingo wa nje uinamishwe kidogo ili maji yavuke na kwenda zao. Nilipowaeleza wenzangu, mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, hilo ng'ombe wanalijua. Hawapandi kilima moja kwa moja." Tukaacha kujaza, tukaanza kuyahamisha maji. Mahali pa tambarare tulichimba mtaro kando na kuinua njia kwa udongo ule ule uliochimbwa.

Maarifa yalipatikana upesi. Watu ndio walikuwa kazi.

Wakati unaofaa kuwaita unajulikana. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Wavuvi wana mikono isiyo na nyavu, na ndio wakati mvua inapoharibu njia. Ukilitazama kwenye karatasi, jambo hili limepangika. Lakini mvuvi asiyevua hana fedha, na mwenye shamba ana palizi. Siku ya kwanza walikuja kumi na wanane. Siku ya nne walikuja saba. Ndipo ukaja mjadala wa faini: asiyekuja alipe kwacha chache au atoe kuku.

Hoja ya faini ilikuwa na nguvu. Wanaofanya kazi wanapita njiani, na wasiofanya wanapita vilevile. Nani asiyeona kwamba hiyo si haki? Mjomba mwenyewe aliiunga mkono. Aliyeipinga ni mama mmoja kutoka Mantapala, muuza sabuni na chumvi, ambaye hakukosa siku hata moja. Alisema, "Mkianza faini, hii ni salongo. Salongo tuliiacha kwetu." Vijana hawakumwelewa. Wazee wa Kikongo waliguna. Salongo ilikuwa kazi ya umma ya lazima katika Zaire ya Mobutu. Jina lake lilisifu kazi, lakini watu walikumbuka kulazimishwa. Kisha mzee wetu mmoja akasema hata sisi tunalo neno la namna hiyo: umulasa, siku za kazi ambazo raia aliwajibika kumfanyia chifu. Nikaketi pale juu ya gogo nikifikiri jinsi kila lugha inavyobeba kumbukumbu ya majembe yake. Kenya waliita harambee, Watanzania wana msaragambo, na kila neno kati ya hayo kuna mahali lilipochangamsha watu na mahali lilipowachosha.

Faini haikupita. Wiki iliyofuata likaja jaribu kubwa zaidi. Mradi mmoja ulianza kazi katika kijiji cha jirani na kulipa vibarua kwa siku. Wenzetu watano walikwenda huko, akiwamo fundi baiskeli. Waliobaki walinigeukia: na sisi posho yetu iko wapi? Mmoja aliuliza waziwazi kama ninapokea kitu chuoni na kukificha. Niliufungua ukurasa wa hesabu mbele yao. Ulikuwa na mistari sita: michango, misumari, kamba, ukarabati wa jembe moja, chumvi ya chakula cha pamoja, na salio ambalo lisingenunua tairi. Daftari lilizunguka mkono kwa mkono, hata kwa wasiojua kusoma, nao walilishika na kulitazama kabla ya kulipitisha. Tangu siku hiyo lilikaa kwa muuza sabuni, si kwangu, na yeyote aliweza kuliomba.

Sikuwalaumu waliokwenda kwenye kibarua. Mtu mwenye watoto akiacha ujira ili atengeneze njia ya wote, anayemlipia ni nani? Watoto wake. Tunapenda kusifu kujitolea bila kuuliza nani hasa anajitolea. Kwetu, wenye magari hawakuja na jembe kwa sababu njia ile haiwahusu. Walioshika jembe ni wale ambao wasingeweza kupita pengine. Kiongozi anayesahau jambo hili ataanza kuuita umaskini wa watu uvivu.

Katika likizo hiyo nilikuwa na kazi ya darasani kuhusu mnyambuliko wa vitenzi, na nilikuwa nimechagua kitenzi kujitolea. Kina mzizi wa -toa, kauli ya kutendea, na kiambishi -ji- kinachorudisha tendo kwa mtendaji. Ninaweza kumtuma mtu, kumwamuru, kumlipa, kumwomba, kumtoza. Siwezi kumjitolea. Nafasi ya mtendwa katika kitenzi hicho imekwisha kujazwa na mtendaji mwenyewe. Naweza kumwambia "jitolee", na akija kwa sababu ya sauti yangu, alichofanya kitahitaji kitenzi kingine. Nilikuwa nimeandika hayo kwa ajili ya alama. Usiku ule, nikiwa na taa ya sola na daftari la sarufi mezani, niliona kwamba ndiyo hali halisi ya kikundi chetu. Nilikuwa nimepewa kuwaongoza watu katika tendo ambalo sina uwezo wa kulitenda kwa niaba yao wala juu yao.

Basi kiongozi anabaki na nini? Mimi nilibaki na mambo matatu. La kwanza ni kufika kabla ya wengine na kushika sehemu yenye matope. La pili ni kuweka hesabu mahali pa wazi. La tatu ni kuigawa kazi ili mtu aweze kuichukua mwenyewe. Tulipendekeza kuacha siku ya kuitana na kuigawa njia vipande vipande, kila nyumba ichague chake, ifanye kazi kwa saa inayoiweza, alfajiri au jioni baada ya shamba. Kijito tu kilibaki kazi ya pamoja, kwa kuwa magogo ya daraja hayabebwi na mtu mmoja. Walikubali, baadhi kwa shingo upande.

Matokeo hayakuwa sawa kila mahali. Vipande vingine vilipendeza, maji yakavuka bila kuacha alama. Vingine vilibaki kama vilivyokuwa, na kila aliyepita alijua ni vya nani, ingawa hatukuandika jina popote. Fundi baiskeli aliporudi kutoka kwenye kibarua alikuta kipande kilichokuwa mbele ya nyumba yake kimechimbwa mtaro. Hakuna aliyemwambia nani alichimba. Siku tuliyoweka magogo kijitoni alikuja na misumari aliyoinunua kwa ujira wake. Wengine wawili hawakurudi hadi leo, na njia wanaipita kama kawaida.

Likizo ya tatu ilipokwisha ilibidi nimpate wa kushika nafasi yangu. Wengi walimtaja muuza sabuni. Mtu mmoja akapinga: yeye ni mgeni, kesho anaweza kurudishwa kwao, na wageni hawawezi kuwaongoza wenye nchi. Kimya kilikuwa kizito. Niliogopa, maana hoja kama hiyo ikipata mguu haitembei peke yake; inafika kisimani, inafika sokoni. Mjomba, akiwa ameegemea fimbo, alinitazama na kuuliza kwa Kibemba kama Waswahili wana methali juu ya jambo hili. Nikasema wanayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikaifasiri. Watu wakacheka kidogo.

Muuza sabuni hakucheka. Alisema kwa Kiswahili chake, "Mimi hamkunipa jembe. Nilikuja nalo." Kisha akaongeza kwamba uenyekiti hautafuti, lakini daftari liko kwake tangu zamani, na kuna hesabu ya misumari ambayo haijafungwa.

Alichaguliwa kwa mikono kumi na moja dhidi ya minne. Yule aliyepinga hakunyoosha mkono upande wowote, ila kesho yake alionekana akifyeka majani kwenye kipande chake. Mwaka huu mama yangu amenitumia ujumbe kwamba gogo moja la daraja limeoza na mwenyekiti anawaita watu Jumamosi. Nimemuuliza wangapi wamesema watakwenda. Amejibu kwamba hakuna aliyesema, lakini ameona watu wanne wakinoa mapanga.